Siku Tatu Bila Chokaa

Bwana Chumvi aliipanga mitambo mitatu juu ya meza ya duka lake kwa kimo, mfupi mbele na mrefu nyuma, kama mwalimu anavyowapanga watoto siku ya kupigwa picha. Jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu aliuza chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, mifuko kwa mifuko, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Mbele yake alisimama mtu mwembamba, mwenye vumbi jeupe la plasta ndani ya kucha. Huyo alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mtaani walimwita Fundi Meno, na hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Mkewe alikuwa amefariki wiki saba zilizopita. Alikuwa amemwachia nguo za kabati moja, mama yake mzazi aliyekuja kumuuguza na ambaye bado alikuwa akilala chumba cha nyuma, na tangi la lita mia nne, lililojaa matumbawe hai, lililochukua ukuta mzima wa sebule.

Matumbawe si mapambo. Ni viumbe, nao hujijengea mifupa kwa madini ya kalsiamu yaliyomo majini, kama mtoto anavyoota meno. Baharini madini hayo hayaishi. Ndani ya kioo huisha, na asiyeyarudisha kila siku huona kwanza ncha za matawi zikipauka, kisha nyama ikijitoa kwenye mfupa. Marehemu alikuwa akiyarudisha kwa mkono. Kila alfajiri alidondosha maji ya chokaa kutoka kwenye jagi, kwa mpira mwembamba wenye kibano, mpira ule ule wa dripu za hospitali. Baada ya mazishi Fundi Meno aliichukua kazi hiyo, akaihamishia jioni, anaporudi kutoka maabara. Juma lililopita alisahau jioni mbili mfululizo. Hakuwa ameshughulika na lolote. Alikuwa ameketi kitini na viatu vyake miguuni. Ncha tatu za tumbawe la zambarau zikawa nyeupe. Ndipo alipoona kwamba kazi hiyo yataka mtambo, kwa kuwa mtambo hauna msiba.

"Huyu wa kwanza ni punda," alisema Bwana Chumvi, akiugonga ule mfupi kwa kidole. "Mtungi, na kikorogeo chini. Unatia unga wa chokaa na maji, unakoroga, unga ukitulia maji ya juu yanadondoka yenyewe tangini kila ya tangi yanapopungua. Halalamiki, hakimbii, wala hajui hesabu. Huyu wa pili ni karani. Ana pampu mbili na chupa mbili: moja ina kalsiamu, moja ina magadi. Anafuata saa, anatoa kidogo kidogo mchana kutwa na usiku kucha. Lakini chupa zake usizikutanishe kabla hazijafika majini, zitagombana na tangi litakuwa maziwa. Na huyu mrefu ni ng'ombe. Unamjaza kokoto za matumbawe makavu, unampulizia gesi, naye anaziyeyusha. Anakamuliwa sana. Ukimkosea, anapiga teke."

Fundi Meno alisikia kila neno, wala hapakuwa na neno lililomgusa. Ganzi aliijua kwa kazi yake: mgonjwa aliyedungwa ufizi huhisi mkono wa daktari ukisukuma, ukivuta, ukikwangua, na maumivu yenyewe hayaoni. Ndivyo alivyokuwa yeye tangu siku ya mazishi. Watu walisukuma na kuvuta, naye aliitikia.

"Nipe ng'ombe," alisema.

Bwana Chumvi alimtazama juu ya miwani. Alimwambia kwamba mtambo haununuliwi kama kofia. Hata kofia watu hujaribu. Kwanza lazima ajue tangi lake linakula kiasi gani kwa siku. Kwa muda wa siku tatu asilitilie chokaa hata tone; maji yatakayokauka ayarudishie kwa maji matupu yaliyochujwa; na kila jioni, saa ile ile, apime kalsiamu na kuandika namba. Namba ikishuka kidogo, punda anamtosha. Ikishuka vizuri, achukue karani. Ikiporomoka, hapo ndipo waongee habari za ng'ombe.

"Na isiposhuka?"

"Isiposhuka," alisema Bwana Chumvi, akiirudisha mitambo rafuni mmoja mmoja, "ujue unafuga mawe."

Nyumbani alimkuta mama mkwe jikoni, akampa shikamoo kutoka mlangoni, akaitikiwa marahaba bila kugeuka, na kwa siku hiyo mazungumzo yao yakawa yamekaribia kwisha. Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na heshima, na heshima ya mkwe na mkwewe ikizidi kipimo huwa ukuta usio na dirisha. Marehemu ndiye aliyekuwa mkalimani kati yao. Mama alipotaka redio ipunguzwe sauti, alimwambia bintiye. Fundi Meno alipotaka kujua kama mama amekunywa dawa zake za shinikizo la damu, alimwuliza mkewe. Sasa mkalimani hayupo, na kila mmoja alibaki na lugha yake. "Chakula kipo mezani, baba," mama alisema kila jioni, akaingia chumbani. "Ahsante, mama," alijibu, akala peke yake. Kochi alilokalia mama yeye hakulikalia, hata mama asipokuwapo.

Mwisho wa mwezi huo shemeji yake, kaka wa marehemu, angekuja kumchukua mama aende kuishi kwake. Jambo hilo lilikuwa limepangwa kwa simu siku chache baada ya mazishi. Lilikuwa jambo la busara, na Fundi Meno alikubali. Nyumba ingekuwa tupu tangu asubuhi hadi jioni, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutafuta mtambo.

Kuhusu upimaji wa siku tatu, hakumwambia mama lolote. Hakukusudia kumficha. Ni nani amwelezaye mkwewe mambo ya chokaa?

Jumatatu jioni alianza. Alivuta maji ya tangi kwa sindano ya plastiki, akayatia kwenye kichupa cha kioo, akaongeza unga wa kupimia, maji yakawa ya waridi. Kisha akachukua sindano ya pili, ile yenye dawa, akawa anadondosha tone moja, anatikisa, tone moja, anatikisa, hadi waridi ilipogeuka buluu. Kazi hiyo ilimfaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichonga meno kwa nta, na tofauti ya unene wa ukucha kwake ilikuwa kosa kubwa. Alisoma alama kwenye sindano: mia nne na thelathini. Akaandika kwenye kalenda ya ukutani.

Jumanne: mia nne na thelathini.

Jumatano: mia nne na thelathini.

Alhamisi: mia nne ishirini na tano.

Aliitazama namba hiyo ya mwisho kwa muda, akarudia kupima, akaipata ile ile. Maji yenyewe nayo yalikuwa yamepungua kidogo mno. Enzi za mkewe tangi lilikuwa likikausha lita nne kwa siku, na yeye alikuwa akirudishia lita moja na nusu tu. Alidhani ni kwa sababu ya baridi iliyoingia.

Siku ya Ijumaa, mapumziko ya mchana, alipita dukani na karatasi yenye namba nne. Bwana Chumvi aliisoma, akaigeuza kama anayetafuta namba nyingine nyuma, akairudisha. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. Alisema kwamba kushuka kwa tano katika siku tatu si kula. Pengine ni mkono tu uliotetemeka.

"Mkono wangu hautetemeki," alisema Fundi Meno.

"Basi ni vibaya zaidi."

Akamweleza. Tumbawe lisilokula kalsiamu ni tumbawe lisilojenga, na lisilojenga limeanza safari ya kurudi kuwa jiwe. Si kosa la mtu. Huenda maji yaliyumba siku zile za msiba, huenda taa zimechoka. Tangi la namna hiyo halihitaji mtambo wowote, kama vile maiti asivyohitaji miwani. Alitambua ubaya wa mfano wake, akakohoa, akaomba radhi. Lakini alikuwa na shauri. Kesho Jumamosi, saa nne asubuhi, angekuja na ndoo zake na kuyachukua matumbawe yote, ayatie kwenye tangi kubwa la duka lenye taa kali na mtambo wa ng'ombe. Pengine nusu yangepona. Hangedai kitu. Ila yakishazoea kule, kuyarudisha ni kuyaua mara ya pili. Kwa hiyo yakitoka, yametoka.

Fundi Meno alikubali, kwa wepesi ule ule aliokubali nao rangi ya jeneza.

Jioni hiyo alimsubiri mama atoke jikoni na bakuli. Alisimama, kwa sababu habari ya namna hiyo mkwe hapewi na mtu aliyeketi, akasema kwamba kesho angekuja mtu kuyachukua matumbawe.

Mama aliliweka bakuli mezani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana, aliyeshona sare za shule maisha yake yote, na macho yake yalikuwa na desturi ya kutazama mshono wa nguo ya mtu badala ya uso wake. Sasa aliutazama mshono wa bega la mkwewe.

"Yamefanya nini?"

"Hayali, mama."

"Hayali?"

"Nimepima siku tatu. Hayali kitu."

Mama alilinyanyua tena bakuli, ingawa hapakuwa na sababu ya kulinyanyua, akaliweka pale pale. "Chakula kipo mezani, baba," alisema, akaenda chumbani kwake, na mlango wake ulifungwa taratibu kuliko siku nyingine.

Fundi Meno alikuwa na mazoea ya kukesha akigeukageuka na kupata usingizi karibu na alfajiri, usingizi mzito uliomshika mpaka saa ya kwenda kazini. Jumamosi hiyo aliweka kengele ya simu saa kumi na moja na nusu. Alitaka kuzima pampu mapema ili maji yatulie kabla Bwana Chumvi hajafika. Alitoka chumbani bila viatu, akapita ukumbini, akasimama mlangoni mwa sebule.

Taa ndogo ya buluu ya tangi ilikuwa inawaka. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya kioo, mtandio umemwangukia mabegani, jagi la plastiki liko mapajani. Mpira wa dripu ulitoka kwenye jagi, ukapita katikati ya vidole vyake viwili, ukaishia juu ya maji. Midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa anahesabu.

"Shikamoo, mama."

Vidole vilikaza mpira, maji yakakatika. Mama hakuruka, wala hakusimama. "Marahaba," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na ambaye hana nia ya kukimbia: "Nilitaka yaondoke yamekula."

"Yamekula nini?"

"Hii dawa yao. Chokaa."

Fundi Meno alilitazama jagi. Halikuwa lake. Lake lilikuwa kwenye kabati chini ya tangi, likiwa limeoshwa na kufunikwa tangu Jumatatu. Hili lilikuwa la zamani, lenye mpini uliopasuka, ambalo alidhani lilitupwa.

"Mama, hii kazi umeanza kuifanya lini?"

Mama alivilegeza vidole kidogo, tone moja likaanguka, akavikaza tena. Alisema alianza pale mkono wa bintiye uliposhindwa kuliinua jagi. Ilikuwa miezi mitano kabla ya kufariki. Mgonjwa alikuwa akiketi kochini na mto mgongoni, akimwelekeza: unga kijiko kimoja, usitikise, ngoja utulie, chota yale maji maangavu ya juu tu, vitone viwili kwa pumzi moja. Alipokosea aligombwa kama mwanafunzi. Na alikuwa ameahidishwa jambo moja, kwamba Fundi asiambiwe. Mgonjwa hakutaka mumewe ajue kwamba mkono umeshindwa.

"Alisema, 'Akijua hili, atajua na mengine,'" mama alisema. "Basi nikanyamaza. Na alipokwenda, sikuona mahali pa kuanzia kusema. Nikaona wewe una msiba wako, tangi umelisahau, nikawa naamka naongeza palipopungua. Kopo la unga lipo kule chini ya sinki. Nimalizie tu, baba. Kama ni mimi niliyeyaharibu, unisamehe. Mimi ni mtu wa cherehani."

Fundi Meno alisimama pale mlangoni. Aliikumbuka siku moja katika miezi ile mitano, ofisini kwa daktari, ambapo aliulizwa hali ya mgonjwa nyumbani. Alikuwa amejibu kwa uhakika: bado ana nguvu, daktari, kila alfajiri analilisha tangi lake mwenyewe. Daktari akaandika. Mkewe alikuwa ameketi pembeni yake, mikono ikiwa imefichwa ndani ya mfuko wa sweta, akatabasamu.

Alingoja maumivu yaje. Aliyangoja kwa makini, kama mtu anayegusa jino kwa ulimi. Kitu kilisukuma, kikavuta, hakikuuma. Akatafuta mahali pa kukaa, na mahali pa karibu palikuwa kochi la mama. Akaketi.

Mama aliliona hilo, akageuza macho kwa adabu.

Wakakaa hivyo, mmoja kigodani na mmoja kochini. Kisha fundi aliyekuwa ndani yake, ambaye hakufiwa na mtu, akaanza kufanya hesabu. Lita moja na nusu za jioni zilikuwa zake. Lita mbili na nusu za alfajiri zilikuwa za mama. Jumla yake ni lita nne, zile zile za siku zote. Baridi haikuwa na hatia. Kwa wiki saba wamekuwa wakilipakulia tangi moja sahani mbili, kila mmoja akidhani yuko peke yake jikoni. Na siku zile tatu alipoinyima jioni chakula, alfajiri ilikuwa ikijazwa pomoni.

Alimweleza mama yote hayo, polepole, kwa utaratibu. Hakuwahi kumwambia maneno mengi kiasi hicho tangu aoe. Mama alisikiliza akiutazama mshono wa mkono wa fulana yake.

"Kwa hiyo sikuyaua."

"Hukuyaua, mama. Umeniharibia hesabu tu."

"Mtu wa cherehani kakuharibia hesabu wewe mwenye shule," alisema mama. Hakucheka, ila mashavu yake yalisogea. "Ungeuliza."

"Na wewe ungesema."

"Ningeanzaje?"

Swali hilo lilikuwa la haki.

Bwana Chumvi alifika saa nne kamili na ndoo sita, mfuko wa magazeti ya kufungia, na sura ya mtu wa mazishi aliyoivaa tangu njiani. Walipomweleza, mama akiwa amesimama nyuma ya mkwewe na kusahihisha pale alipokosea, sura ile ilimbadilika kwa zamu: kwanza mashaka, kisha hesabu, kisha kicheko alichokizuia kwa kuheshimu nyumba ya msiba.

"Kumbe tangi lina wapishi wawili," alisema. "Na mimi nikamwambia mwenzangu anafuga mawe. Mama, unadondosha vitone vingapi?"

Mama alimwambia. Bwana Chumvi alimwomba arudie, akatikisa kichwa, akasema kwamba ana wateja wenye mitambo ya bei mbaya ambao hawajafikia usahihi huo. Lakini shauri lake lilikuwa lile lile. Tumbawe la zambarau limeonyesha ncha nyeupe, na asiyejua tangi linakula nini hajui linakufa kwa nini. Siku tatu zianze upya leo, safari hii nyote wawili mikono nyuma. Namba isiposhuka, yeye atarudi Jumanne jioni na ndoo zake hazitaondoka tupu. Akaziacha ukumbini, zimepandana, ili asizibebe mara mbili.

Siku tatu hizo zilimwelemea mama kuliko alivyotarajia. Jumapili alfajiri Fundi Meno aliamka akamkuta kigodani, mikono imefungwa mapajani, anayatazama matumbawe. Alisema amekuja kukaa tu; mtu mzima akizoea kuamka saa fulani, kitanda humfukuza. Fundi Meno alisema naye amekuja kukaa tu. Jumatatu hivyo hivyo. Hawakuzungumza mengi. Mara moja mama aliuliza kama haya matumbawe husikia njaa kama watu, naye akajibu kwamba hajui, na mama akasema si lazima ajue kila kitu.

Jioni walipima pamoja. Mama alishika kichupa karibu na taa, kwa kuwa jicho la mshonaji huona rangi inapogeuka mapema kuliko jicho jingine. Fundi Meno alidondosha. Jumamosi: mia nne ishirini na tano. Jumapili: mia nne na ishirini. Hizo tano waliwahi kuziona. Jumatatu, waridi iligeuka buluu mapema, na mama akasema "Basi!" kabla tone la mwisho halijaanguka. Mia nne na kumi.

"Imeshuka?" aliuliza.

"Imeshuka."

"Afadhali," alisema mama, na kwa mtu anayepita nje ya dirisha lingekuwa jambo la ajabu kusikia watu wakishukuru kwa kushuka.

Jumanne ilikuwa mia nne na tano. Fundi Meno alirudia kipimo kwa desturi, akakipata kile kile. Ishirini katika siku tatu. Karibu saba kwa siku. Yalikuwa yanakula. Alizitazama ncha za zambarau kwa karibu, paji la uso likigusa kioo, akaona kwamba weupe haukuwa umeenea tangu Jumamosi. Aliliona jambo hilo kwa macho yake yote mawili, akajua kwamba ni habari njema, na ndani yake akaiweka mahali alipoweka habari zote za siku hizo, mahali pasipokuwa na joto wala baridi. Ila aliiweka. Kabla ya hapo zilikuwa zikipita tu.

Akampigia simu Bwana Chumvi, akamsomea namba. Simu ilikuwa ya sauti kubwa, na mama, aliyekuwa akiosha kichupa kwenye beseni mezani, alisikia kila kitu bila kujificha.

"Saba kwa siku, punda anaweza," alisema Bwana Chumvi. "Lakini punda anataka mtu wa kumtia unga na kumwangalia, na wewe nyumba yako itabaki tupu. Chukua karani. Nitakuja kesho kuzichukua ndoo, nimlete na yeye. Nimpange atoe saba?"

"Aanze na nusu."

"Nusu kwa nini?"

"Alfajiri ina mwenyewe," alisema Fundi Meno.

Kisha Bwana Chumvi, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote katika nyumba ile na kwa hiyo hakuwa na la kuogopa, akauliza: "Na mwenyewe akienda kwa mwanawe mwisho wa mwezi?"

Fundi Meno hakumgeukia mama. Macho yake yalibaki kwenye kalenda. Kumwuliza mkwe kama atakaa ni kumwomba, na kumwomba ni kumfunga. Alisikia maji ya beseni yakitulia.

"Mwambie mwezi haujaisha," alisema mama.

"Mwezi haujaisha," alisema Fundi Meno simuni.

"Nimesikia. Basi karani, nusu kazi. Tutamwongezea siku ikifika, isipofika tusimwongezee."

Simu ikakatika. Mama alikikung'uta kichupa, akakifuta kwa pindo la mtandio wake, akakitazama kwenye mwanga kama kina doa. Akasema kwamba atampigia mwanawe kesho, mchana, wakati mwenye hasira huwa ameshakula. Hakusema atamwambia nini. Kisha akauliza kama ni lazima wangoje mpaka huyo karani aletwe ndipo viumbe vya watu vipewe chakula.

Fundi Meno alisema si lazima. Alifungua kabati chini ya tangi, akalitoa jagi lake, akaenda jikoni kuchota maji. Na mama akamfuata nyuma na kijiko, akimwonya asitikise.